SOMO: Kujenga pichi bandia ya kriketi toka chini mpaka juu, na kuitunza isife mapema

Habari zenu wadau. Maswali mengi yanayoulizwa kuhusu hizi pichi za zulia (pichi ni ule ukanda wa katikati ya uwanja wa kriketi ambako mpira unarushwa na kupigwa) yanaanzia juu, zulia gani zuri, nene kiasi gani, rangi gani, na mtu akishapata jibu anaona kamaliza. Mimi naomba leo tuanzie chini kabisa kwenye udongo, manake pichi ambayo mpira unatua sehemu ile ile mara unaruka hadi usoni mara unapita chini ya goti, asilimia kubwa zulia lake halina shida yoyote, shida iko kwenye kile kilicholaliwa na zulia. Na hapa tunaongelea mpira mgumu wa ngozi unakuja kwa kasi kwa mtoto wa watu, kwahiyo msingi ukilipuliwa mtu anaumia.

Kama bajeti yenu ni ndogo kata kwenye zulia, usikate kwenye msingi. Zulia utabadilisha miaka ijayo kwa siku moja, msingi mbovu hauna dawa zaidi ya kuvunja.

VIPIMO KWANZA

Stampu (vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila upande wa pichi) kwa stampu ni mita 20.12. Toka stampu kuja mbele hadi krizi ya mpigaji, yaani mstari wake, ni mita 1.22, pande zote mbili, kwahiyo krizi kwa krizi inabaki mita 17.68. Sheria za kriketi kwa pichi bandia zinataka zulia lisiwe fupi kuliko hiyo mita 17.68 na upana usipungue mita 1.83. Hicho ni kiwango cha chini tu jamani, usijenge kwa hicho! Ukijenga kwa kiwango cha chini maana yake mpigaji anasimama nusu kwenye zulia nusu kwenye majani, na mrushaji mguu wa nyuma unatua kwenye udongo wa mbele unatua kwenye zulia, hapo kifundo cha mguu hakichukui muda kuteguka.

Mimi napendekeza msingi wa mita 28 kwa mita 2.7. Hapo stampu zinakaa mita 3.94 toka kila mwisho, mrushaji anapata nafasi ya kutua miguu yote miwili juu ya kitu kimoja. Na ile krizi ya kurushia yenye stampu urefu wake ni mita 2.64, inaenea kwenye upana wa 2.7 bila kukatwa.

Uelekeo: laza pichi kaskazini kusini, au karibu na hapo. Ukiilaza mashariki magharibi, jioni jua linashuka nyuma ya mrushaji na mpigaji haoni kitu. Hili huwezi kulirekebisha baadae, kwahiyo nenda uwanjani jioni, simama pale mpigaji atakaposimama, angalia jua linazamia wapi ndo upige mambo (vigingi).

Skwea: funga uzi, kona utumie ile 3-4-5 (pembetatu ya pande 3, 4 na 5 inatoa kona ya mraba), alafu hakikisha kwa kupima mshazari, kona mpaka kona ya pili kinyume. Kwa 28 kwa 2.7 mshazari wote miwili unatakiwa usome mita 28.13. Ukiona mmoja mrefu mwingine mfupi bado hujapata skwea, rudi kwenye mambo zako.

MSINGI, ZEGE AU KOKOTO?

Kuna njia mbili na zote zinafanya kazi. Zege ni gumu, halihitaji matunzo mengi, mpira unaruka juu na kwa kasi. Kokoto zilizoshindiliwa zinapitisha maji zenyewe, mpira unatulia kidogo na unafanana zaidi na pichi ya udongo, lakini zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Uwanja usio na mtu wa kuutunza kila wiki weka zege, usijitese.

Zege: chimba, toa udongo wote wenye mizizi, shindilia chini na kompakta mpaka ukikanyaga kisigino hakiachi alama. Weka boksi la mbao pembeni. Zege la sentimita 10 kwenye vipimo hivyo ni mita za ujazo 7.56, agiza vifaa vya 8 manake kuna kupotea. Ratio ya 1:2:3, saruji, mchanga, kokoto, na maji yasizidi. Mafundi wanapenda zege la uji linalojimwaga lenyewe, kataa, zege la maji mengi likikauka linapasuka na juu linatoa vumbi na gundi haishiki kwenye vumbi. Wavu wa nondo (BRC) lazima unyanyuliwe na vikalio ukae ndani ya zege, ukilala chini kwenye udongo ni sawa na hujauweka.

Mteremko: upande mmoja uwe chini kidogo, sentimita moja kwa kila mita, kwahiyo kwa upana wa 2.7 ni kama sentimita 2 na nusu. Maji yanatiririka pembeni. Kwa urefu nyoosha kabisa.

Sasa mikato. Zege refu hivyo litapasuka tu, ni lazima, wewe unachagua lipasukie wapi. Mafundi wengi watakata kila mita 3 bila kufikiria na mkato mmoja utaangukia pale pale mrushaji anapolenga, kama mita 4 hadi 7 toka stampu za mpigaji. Ukipima toka mwanzo wa zege, pitisha mikato mita 3.9, 7.5, 11.2, 14, 16.8, 20.5 na 24.1. Hapo ule wa kwanza na wa mwisho unapita kwenye stampu, ambako matundu yangevutia nyufa hata hivyo, na zile sehemu mbili za kutua mpira zinabaki hazijaguswa. Kata zege likiwa limeshikana ila bado changa, ndani ya siku ya kwanza, kina kiwe robo ya unene. Baadae unajaza na sila (dawa ya kuziba nyufa) inayonyumbulika na kuisugua iwe sawa na zege.

Matundu ya stampu: acha kiboksi kidogo wakati wa kumwaga, alafu kijaze udongo wa mfinyanzi. Kama hutaki habari za matundu tumia stampu za springi za kusimamisha juu, kwa mazoezi zinatosha.

Mwagilia maji siku 7 au funika na magunia mabichi. Alafu subiri, zege linafika nguvu yake siku 28, na gundi haitaki zege lenye maji ndani. Kupima ni rahisi, bandika kipande cha nailoni juu ya zege kwa tepu pande zote nne, kiache usiku mzima, asubuhi ukikuta matone kwa ndani bado.

Kokoto: chimba sentimita 20, tandika kitambaa cha jiotekstaili ili udongo usipande kuchanganyika na kokoto, zungushia mbao zilizotiwa dawa au kingo za zege. Mwaga kokoto kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 7 au 8, shindilia, mwaga nyingine, shindilia. Usimwage sentimita zote 15 za kokoto kwa pamoja ukapitisha kompakta juu, inashindilia juu tu chini kunabaki hewa. Juu kabisa malizia na vumbi la kokoto sentimita 3 hivi. Hilo vumbi lisishindiliwe likiwa kavu, linyunyizie maji, chota kiganjani ulibane, ukifungua mkono likabaki donge bila kutoa maji hapo ndo penyewe.

KUSAWAZISHA, hapa tulieni

Chukua rula ya aluminiamu ya mita 3, ilaze juu ya msingi, piga magoti mpaka jicho liwe usawa wa rula, angalia mwanga unaopita chini yake. Pale mwanga unapopita jaribu kuingiza kijiti cha kiberiti. Unene wake ni kama milimita 2, kikipita bila kugusa pande zote mbili weka alama ya chaki. Fanya kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari, pichi nzima. Kazi inachosha magoti lakini nakuhakikishia tofauti ya milimita 3 kwenye sehemu ya kutua mpira mpigaji anaisikia. Palipoinuka kwenye zege sugua na mashine, palipobonyea jaza na mota ya kusawazishia. Kwenye kokoto kwangua, ongeza vumbi, shindilia tena.

Alafu dondosha mpira. Shika mpira mmoja, urefu ule ule, dondosha kila nusu mita kwenye eneo la kutua. Mtu mwingine akae pembeni anaangalia unarudi hadi wapi. Fanya kabla ya zulia na baada ya zulia.

ZULIA

Nunua kipande kimoja kisicho na mshono katikati kwa urefu. Mshono wa urefu ni hatari, mpira ukiupata unabadilisha njia. Chini ya zulia unaweza kuweka tabaka la raba au sponji ngumu, hasa kwenye zege, inapunguza ule mruko mkali na inalinda magoti. Ila isiwe laini kupita kiasi, mpira utazama na kuja taratibu na warushaji watakata tamaa.

Likunjue lilale juani masaa kadhaa kabla ya kubandika. Linakuja limekunjwa kwenye roli na limeshika ile mikunjo, ukilibandika hivyo hivyo jua likija linatanuka linatoa mawimbi. Watu wa kutosha wanyanyue, ni zito sana, mkiliburuta mnakunja ncha na kuharibu vumbi lenu chini. Kwenye zege tumia gundi ya nje isiyoogopa maji, anza upande mmoja, vuta, bandika, vuta tena. Usibandike mvua ikinusa wala saa za jua la utosi. Kwenye kokoto unapigilia misumari ya mabati kwenye zile mbao pembeni, kila sentimita 15 hadi 20, kichwa kizame ndani ya manyoya ya zulia.

Mistari: rangi nyeupe ya nje, isiyo na mafuta mazito yanayogandisha manyoya. Ukingo wa NYUMA wa mstari ndo unaohesabika kwa krizi ya mpigaji na ya stampu. Mita 1.22 unapima toka ukingo wa nyuma wa mmoja hadi ukingo wa nyuma wa mwingine, wengi wanapima katikati ya rangi na wanapoteza sentimita. Mistari ya pembeni inakaa mita 1.32 kila upande toka stampu ya kati, unapima ukingo wa ndani, na irudi nyuma angalau mita 2.44 toka krizi ya mpigaji.

Mwisho kabisa pembeni. Udongo na majani ya pembeni vije sawa na zulia, visiwe chini visiwe juu. Kingo ikiwa imesimama mpira wa mdakaji unagonga unaruka kwenye meno ya mtu. Shindilia, panda majani, rudi kuangalia baada ya mvua za kwanza manake udongo mpya lazima utashuka.

MATUNZO

Fagia. Kila kabla ya mechi na baada ya mvua, fagio gumu, dhidi ya uelekeo wa manyoya kisha kufuata. Mchanga na vumbi vikiingia ndani vinakata nyuzi toka kwenye mizizi na vinafanya zulia liwe gumu. Majani ya mti usiyaache yakaoza juu.

Ukikata nyasi elekeza mashine itupe nje. Na zile mashine za kamba usizisogeze kwenye kingo, kamba inanyoa zulia kama wembe, mpe mtu mkasi.

Kila msimu nyanyua kingo mbili tatu uangalie gundi. Kama ni kokoto, kila baada ya msimu fungua zulia, kwanguakwangua vumbi, ongeza palipozama, shindilia, rudisha. Watu wanaruka hii hatua miaka yote alafu wanasema msingi wa kokoto haufai.

Sehemu zinazokufa kwanza ni mbili: pale mpigaji anapogongagonga bati (gongo lake la kupigia), na pale mguu wa mbele wa mrushaji unapotua. Zishughulikie likiwa bado tundu dogo. Kata kipande cha mraba kwa kisu kikali, kata kingine saizi ile ile kwenye mabaki ya zulia lile lile (mabaki MSITUPE), manyoya yaelekee upande mmoja na ya zulia kubwa, weka tepu ya kuunganishia chini, gundi, weka uzito juu mpaka kesho yake.

Haya karibuni kwa maswali.

---

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Sisi tuna ardhi ngumu sana ya changarawe, hata jembe haliingii. Hatuwezi kutandaza zulia juu yake moja kwa moja?

Jibu: Mnaweza kwa kuanzia, na watu wamecheza hivyo miaka mingi. Hata mechi ya kwanza ya Test (zile mechi ndefu za kimataifa za siku kadhaa) kati ya Pakistan na Australia pale Karachi mwaka 1956 ilichezwa juu ya mkeka uliotandikwa kwenye ardhi, Australia wakatolewa wote wakiwa na mikimbio 80 tu kwenye zamu yao ya kwanza, na mrushaji wa Pakistan Fazal Mahmood akaondoka na wiketi 13, yaani alitoa wapigaji 13. Ila sharti ni mbili, ardhi isawazishwe na imwagiliwe na kushindiliwa kabla, na mkeka uvutwe ukazwe kwa mambo pande zote, kila siku ya mchezo, manake unalegea. Mkeka uliolegea mpira unashika na kukata ajabu, mkeka uliokazwa mpira unaruka. Msiubandike moja kwa moja, mkimaliza kunjeni muuweke ndani.

Swali: Yetu ni ya zege, ina kama miaka mitatu, upande mmoja mpira umeanza kutoruka vizuri, upande wa pili uko poa. Zege halijapasuka. Ni nini?

Jibu: Chukua kipande cha mti au mpini wa fagio, gongagonga juu ya zulia kidogokidogo eneo lote la kutua mpira, huku umeinama unasikiliza. Palipobandika panatoa mlio mkavu mfupi, palipoachia panatoa mlio wa uwazi. Zungushia chaki palipo na uwazi. Mara nyingi maji yameingia kwenye kingo, gundi imekufa, na pengine mchanga umeingia chini. Fungua kuanzia kingo ya karibu, safisha, kausha, bandika upya. Kama mlio ni mkavu kote basi angalia manyoya, sehemu inayotumika sana yanalala na kujaa vumbi, piga brashi ngumu kwanza kabla hujafungua kitu.

Swali: Fundi, viatu vyenye spaiki (misumari) za chuma vinaruhusiwa? Vijana wetu wanabisha.

Jibu: Hapana kabisa. Raba au viatu vyenye soli ya mpira tu. Msumari unachana zulia, na kwenye zege unateleza chini ya zulia mtu anaanguka vibaya. Wekeni sheria iandikwe, na nahodha wa wageni aambiwe siku mbili kabla ya mechi sio asubuhi ya mechi wakati wameshakuja na viatu hivyo tu.

Swali: Habari, mimi ni mwalimu wa michezo. Tuna mti mkubwa pembeni, zulia upande wa kivulini linakuwa la kijani na linateleza. Nimwage klorini?

Jibu: Dada/kaka mwalimu, usimwage klorini kali, inapausha rangi na inaweza kula gundi. Ule ni ukoga, unapenda kivuli, unyevu na majani yaliyooza. Kausha siku ya jua, kwangua na brashi ngumu, fagia utoe kabisa, alafu paka dawa ya kuua ukoga inayoruhusiwa kwa mazulia ya nje, fuata kipimo cha kwenye chupa, na watoto wasiingie mpaka ikauke. Baada ya hapo punguza matawi jua lifike hata masaa machache, bila hivyo utakuwa unapaka dawa maisha yako yote. Na mpaka uishe wasirushe mipira kwa kasi upande huo tafadhali.

Swali: Uwanja wetu tunachangia na watu wa mpira wa miguu na pichi iko katikati. Tufanyeje?

Jibu: Hapo kaeni chini muongee nao kabla ya kujenga. Kuna wanaofunika pichi kwa udongo msimu wa soka na kufukua msimu wa kriketi, inalinda miguu ya wachezaji wa soka ila kwenye kusafisha zulia mtapata tabu, kwahiyo kama ni njia hiyo tandika kwanza kitambaa kizito juu ya zulia ndo umwage udongo. Njia nyingine ni vifuniko vya zulia la majani marefu yenye sponji. Kama bado hamjajenga na uwanja ni mkubwa, isogezeni nje ya eneo la soka. Zege tupu lenye zulia jembamba katikati ya uwanja wa soka sikushauri, mtu akidondokea kichwa ni balaa.

Swali: Zulia limetoa mapovu katikati baada ya kipindi cha jua kali, jioni yanapungua. Nichome na pini?

Jibu: Usichome. Hilo zulia limetanuka na halikuvutwa vya kutosha wakati wa kubandika. Yakiwa madogo na yako nje ya eneo la kutua mpira, yaache uyaangalie. Yakiwa kwenye eneo la kutua inabidi ufungue toka mwisho ulio karibu hadi uyapite, uvute upya kuelekea mwisho, ubandike, ukate kinachozidi. Fanya asubuhi au jioni.

Swali: Kwa watoto wadogo tunajenga nyingine fupi?

Jibu: Hapana, tumia hiyo hiyo. Acha stampu za upande mmoja zilipo, za upande wa pili zisogeze mbele kwa stampu za springi, alafu weka vidoti vidogo vya rangi pembeni ya zulia kwa kila umri mnaotumia. Usichore mistari kamili kwenye eneo la kutua mpira, rangi ikirundikana manyoya yanaganda na mpira unateleza pale. Na kila msimu badilisheni upande wanaosogezea, ili kuchakaa kwa zulia kugawane pande zote.